Njia ya Kumi na Sita

Dorika Laurenti alirudi kijijini kwetu Issuna na shahada ya uhandisi, akaja kuunda mashine ambayo mama yake mdogo, Felista, aliiamini kuliko macho yake mwenyewe. Mimi nami niliiamini tangu mwanzo.

Kikundi chetu cha wanawake kinasaga karanga kwa ajili ya uji wa watoto wadogo. Tulikuwa tunachambua kwa mkono kuondoa zenye ukungu, maana ukungu ule una sumu. Dorika akatuundia mashine. Karanga zinashuka kwenye njia kumi na sita, kamera inazipiga picha, mbovu inapulizwa pembeni. Akili yote ilikuwa kwenye chipu moja ambayo unaipanga upya kwa kompyuta bila kushika bisibisi. Humo alipanga vichakataji vidogo kumi na sita, kila kimoja na njia yake, vyote vikifanya kazi kwa pamoja. Ila picha zilikaa kwenye kumbukumbu moja, nayo ilihudumia kichakataji kimoja tu kwa wakati mmoja.

"Vikiita vyote pamoja, kinaanza kipi?" nilimuuliza.

"Namba moja, mama. Halafu mbili. Kama mlivyotulea."

Tulicheka kwa furaha. Kwetu mkubwa akifika kisimani, mdogo anasogeza ndoo yake, hata kama aliwahi alfajiri. Tukasema huyu mtoto hajaharibiwa na shule.

Siku za majaribio tulimimina kidogokidogo, kila kichakataji kikapata nafasi. Msimu ulipofika tukamimina kwa pupa. Namba moja akihudumiwa, hapohapo anaita tena, na wenzake wa mwanzo vivyo hivyo. Namba kumi na sita alibaki anasubiri, na karanga zake zikapita bila kuangaliwa, nzima na mbovu, zikasagwa, na unga tukaugawa majumbani kwenye makopo.

Dorika aligundua wiki ya pili, alipokagua idadi ya mbovu zilizotolewa. Njia ya kumi na sita ilionyesha sifuri. Nilimwona akikaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kitenge kipya.

"Mama mdogo, zimeni mashine. Nimewalisha watoto ukungu."

Felista alitugeukia sisi kwa hasira. "Mnamkodolea macho ya nini? Tukakusanye unga!"

Njiani Dorika alinieleza dawa yake: kuigawa kumbukumbu vyumba vinne, na zamu izunguke, aliyekwisha kuhudumiwa arudi nyuma. Kazi ya jioni moja. Hilo ndilo lililomuuma, na mimi liliniuma pia, maana nilicheka na wenzangu siku ile nilipouliza.

Nyumba nyingi zilikuwa hazijafungua unga. Tulianza kupumua. Ya mwisho ilikuwa ya Jenipher, mwenye mapacha wa mwaka mmoja. Alitoka na kopo letu mkononi, limeoshwa likatakata.

"Shikamoo mama. Dada Dorika, kumbe mmejua unga umekwisha! Hawa walikuwa hawali kitu. Sasa wanalamba hadi bakuli. Mungu akubariki, niongezee mwingine."

Dorika alilipokea kopo kwa mikono miwili. Mapacha walikuwa wakimchekea, uji umewakaukia kidevuni.

"Jenipher," alisema, "chukua watoto twende zahanati."