Mama Kasoro na Kigari cha Mkate

Jina la Mama Kasoro hakupewa na mzazi wake. Alipewa na wauza maharage wa sokoni, na walimpa wakiwa wameumia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipikia shule moja ya msingi, watoto mia tatu na ushee, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kununua gunia bila kulitukana kwanza. Alifika, akachota kiganja kimoja, akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa uchafu wa jirani. "Haya ndiyo maharage, au mmefagia ghala?" Kisha akataka gunia lipinduliwe, maana maharage mazuri hukaa juu na mabaya hukaa chini. Likishapinduliwa aliyaponda tena kwa maneno, akaondoka. Aliondoka polepole, mgongo ukisikiliza. Muuzaji alivumilia hatua saba, nane, halafu akaita, "Njoo basi mama, chukua." Hapo ndipo alipogeuka.

Usiwaonee huruma wale wauzaji. Nusu yao walikuwa wanachanganya kokoto, na nusu nyingine walikuwa wanasikitika kwamba hawakuziwahi. Mtu akikaa nao miaka kumi na moja lazima akunje uso, na wa Mama Kasoro ulikuwa umekunjika ukasahau njia ya kurudi.

Mwaka huo mwalimu mkuu wa shule ya pili, ile ya ng'ambo ya bonde, alimwita ofisini. Mpishi wao alikuwa analeta wali wenye kiini kibichi, na wazazi walikuwa wamechoka. Shule yenyewe haikuwa na jiko. Chakula kingepikwa kwa Mama Kasoro, kisha kisafirishwe kivuke bonde, kifike kikiwa cha moto saa nne na nusu, kengele ya mapumziko inapolia.

"Siku moja tu ukichelewa, namrudisha yule wa zamani," mwalimu mkuu alisema. "Sitakuwa na la kuwaambia wazazi."

Muhula ulikuwa unaanza Jumatatu. Akiba ya Mama Kasoro ilitosha gari moja tu, tena lililotumika, tena la bei ya chini. Likiwa bovu hakukuwa na la pili, na kazi ya shule ya pili ingekufa kabla masufuria hayajashika masizi.

Habari zikavuja, na wajuaji wakaota kama uyoga. Shemeji yake, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, alimwambia atazame tairi. Fundi cherehani wa jirani alisema asinunue gari jeusi, kwa sababu mchuzi utachacha. Kinyozi naye alisema asikilize redio, kwamba redio ikiwa nzuri basi mwenye gari alikuwa mstaarabu. Mama Kasoro aliwasikiliza wote kwa uso ule ule anaowapa maharage, akawashukuru, akawasahau.

Kaka yake mkubwa hakusahaulika kirahisi hivyo. Watu walimwita Injinia. Chuo cha uinjinia hakuwahi kukiona hata geti. Aliwahi tu kuwa na gari kwa miezi minane, miaka ishirini iliyopita, na katika hiyo minane, saba lilikaa juu ya matofali. Tangu hapo boneti likifunguliwa mtaani, kichwa chake kimo ndani kabla ya cha mwenye gari. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Mdogo wangu, gari halitaki haraka, linataka jicho," alimwambia. "Nitakwenda nawe. Wakiona mwanamke peke yake watakuuzia mbuzi kwenye gunia."

Kumkataa kaka mkubwa ni kufungua kesi ya ukoo mzima, na Mama Kasoro hakuwa na wiki ya kupoteza kwenye kesi. Akaenda naye.

Jumatano walifika kwa mzee mmoja aliyekuwa akisambaza mkate. Magoti yalikuwa yamemchosha, sasa alitaka kupumzika. Kigari chake kilikuwa kidogo, cheupe, chenye sanduku la bati nyuma na mlango mmoja wa rangi ya buluu uliotoka kwenye gari jingine. Kwa sura kilikuwa kibaya, tuseme ukweli. Lakini mzee alikuwa ameshafungua boneti, na mkononi alishika daftari la shule lililochakaa, ndani yake imeandikwa kila oili iliyobadilishwa na kila breki iliyowekwa, kwa tarehe. Hakusubiri kuulizwa.

"Mlimani ni mvivu," alisema. "Mlango huu haufunguki kwa ndani. Mvua ikiwa kubwa panavuja hapa, kitone kitone. Lakini miaka tisa sijawahi kuchelewesha mkate." Akataja bei.

Mama Kasoro alikuwa amekuja na sufuria lake kubwa, lile la mchuzi. Alilijaza maji mpaka usawa wa mishikio, akaomba lipakiwe nyuma bila mfuniko. Mzee hakuuliza kwa nini. Alishika upande mmoja, akasaidia kupakia, kisha akaendesha kupitia ile barabara ya mashimo nyuma ya soko, akapanda, akashuka, akafunga breki mara mbili kwa sababu ya mbuzi. Waliporudi, Mama Kasoro alipanda nyuma kutazama. Kilichomwagika kisingejaza kikombe cha chai. Moyo wake ukamwambia, ndilo hili.

Na hapo akafanya kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote isipokuwa aliyelelewa na soko. Sokoni kitu ukikipenda, unakitukana. Akakunja uso. "Hili nalo ni gari?"

Injinia hakuhitaji kukaribishwa mara mbili. "Hili banda la kuku," akasema. "Mdogo wangu, ukipita nalo mtaani kuku watakufuata wakidhani wamerudi nyumbani."

Mama Kasoro akacheka. Alicheka kwa sauti, kile kicheko chake cha sokoni ambacho kazi yake ni kushusha bei, akaongeza kwamba hata mikate yenyewe lazima ilikuwa inaona aibu kupanda. Mzee alishusha boneti taratibu, akafuta kwa kitambaa mahali Injinia alipoweka kidole, akabana daftari kwapani.

"Siuzi," akasema.

Vizuri, Mama Kasoro akawaza, huyu anaijua biashara. Akaanza kuondoka kwa mwendo wake. Hatua saba. Hatua nane. Hatua ya ishirini ilimkuta kwenye kona, Injinia akihema nyuma yake na sufuria, na kilichosikika kutoka kwa mzee ni mlango wa nyumba ukifungwa.

"Kesho ataita," alimwambia kaka yake.

Alhamisi ikapita na hakuita mtu. Kufikia Ijumaa asubuhi Mama Kasoro alikuwa ameshaanza kuhesabu saa, na mwenye haraka ni mteja mtamu.

"Kuna yadi moja ya magari," Injinia akasema. "Watu wangu. Hawawezi kunidanganya mimi."

Getini mlinzi aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki na kuchangamka. "Injinia! Huyu mteja wa tatu, na wiki haijaisha. Mwaka huu utajenga!"

Injinia akakohoa, akauliza habari za watoto. Mama Kasoro alisikia vizuri sana. Alilihifadhi neno lile.

Gari lenyewe lilikuwa refu nyuma, rangi ya fedha, limesuguliwa mpaka unaona meno yako kwenye mlango. Muuzaji alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya kivuli, na alizungumza kama tangazo la redio.

"Mama, hili lilikuwa la daktari. Mtu mmoja tu. Nyumbani, hospitali, nyumbani."

Madaktari wa yadi zile ni wengi kuliko wa hospitali zote zilizojengwa, na inaonekana hakuna hata mmoja mwenye ndugu wa kumtembelea. Dashibodi ilionyesha kilomita chache kama za gari lililotoka kiwandani juzi. Mama Kasoro akainama kwenye pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika ukawa laini, kama mwiko uliosonga miaka kumi. Mwiko haudanganyi umri wake.

"Tupakie sufuria," alisema, akijaza maji ya bomba la yadi lile sufuria alilokuja nalo.

Muuzaji akacheka. "Mama, hili ni gari, si jiko." Injinia akacheka naye, akimpiga bega, kama watu waliosoma darasa moja.

Lakini walilipakia, na Injinia akaambiwa akae nyuma alishike. Gia ya pili iliingia kwa kishindo, sufuria likaruka, nusu ya maji ikaishia sakafuni na kwenye viatu vya Injinia. Ya tatu ikammalizia soksi. Muuzaji alilaumu barabara. Ilikuwa barabara ya lami.

Waliporudi yadini Mama Kasoro alifungua mlango wa nyuma ili akaushe. Mpishi hawezi kuacha maji sakafuni, ni ugonjwa wao. Aliposhika ncha ya zulia, muuzaji alisema haraka mno, "Acha mama, litakauka lenyewe."

Alipoambiwa aache ndipo alipovuta. Chini ya zulia kulikuwa na tope jembamba, lililokauka zamani na sasa linalainika tena, na vichwa vya bolti za viti vilikuwa vyekundu kwa kutu. Harufu ikapanda, harufu ya mto baada ya mafuriko. Gari lile lilikuwa limezama. Walilivuta, wakalikausha, wakalinyunyizia manukato, wakalitafutia daktari.

Akamgeukia kaka yake. "Ulijua?"

"Mdogo wangu, mimi naleta wateja tu."

"Nimekuuliza, ulijua?"

Injinia alitazama viatu vyake vilivyolowa. "Huwa hakuna anayeinua zulia," akasema.

Mama Kasoro aliwahi kuwadharau watu wengi, lakini dharau hiyo ilikuwa ya kazi, ya kuvaa asubuhi na kuvua jioni. Hii haikuwa ya kuvua. Huyu alikuwa mtoto wa mama yake. Aliijua Jumatatu, aliijua kengele ya saa nne na nusu, na alijua kwamba akiba ile haina ya pili.

"Bora ungeniibia, kaka," akasema, na sauti yake ikamfikia mlinzi getini. "Mwizi ana adabu, hunyata. Wewe umeniita mdogo wangu njia nzima."

"Tusiongee haya mbele za watu."

"Watu gani? Hawa?" Alimtazama muuzaji kuanzia miwani mpaka viatu, kisha mlinzi, kisha kaka yake tena. "Beba sufuria."

Injinia akabeba. Alilibeba mpaka barabarani, viatu vikipiga kelele ya maji kila hatua, na wafanyakazi wa yadi wakimtazama. Pale Mama Kasoro akalichukua, akamwacha amesimama na mikono mitupu, akaenda zake bila kuaga. Ukoo ungekaa kikao siku nyingine.

Jumamosi mchana alikuwa mlangoni kwa mzee wa mkate, peke yake. Kigari kilikuwa pale pale, boneti wazi, mzee akifuta betri kwa kitambaa. Maneno alikuwa ameyapanga njiani.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya siku ile. Kaka yangu hana adabu, mdomo wake hauna breki. Naomba radhi kwa niaba yake."

"Marahaba," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Kaka yako sina ugomvi naye. Yule hajui gari, na asiyejua akitukana ni kelele tu. Wewe ulipakia sufuria. Ulipanda ukachungulia, nikakuona. Ulijua kabisa gari ni zima. Halafu ukacheka."

Mama Kasoro aliona aibu. Kuponda kusingemsaidia, na kuondoka polepole alikuwa ameshajaribu. Kesho kutwa kengele ingelia ng'ambo ya bonde na watoto wangekaa na sahani tupu. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu anayemuuzia kitu. Akasifu.

Alianza vibaya, akikwama kama mtoto anayejifunza kusoma. Alisema maji yaliyomwagika hayakufika kikombe. Alisema breki zilishika kama mtu anayemkalisha mgonjwa. Alisema lile daftari lina wino wa kila rangi, mwingine umefifia, kwa hiyo halikuandikwa jana usiku kumdanganya mtu. Mlango usiofunguka ameuelewa, mlimani ataondoka mapema, na panapovuja ataweka bakuli. Alisema tangu Jumatano hakuna gari jingine lililomkaa moyoni, na kwamba alicheka kwa sababu alilipenda, na hajui namna nyingine ya kununua. Bei ni ile aliyoitaja mzee, yote, na hataki kusikia neno kupunguziwa.

Mzee alimaliza kufuta betri. Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya tairi la akiba.

"Mbona hukusema hayo siku ile?"

"Ungepandisha bei."

"Ningekupunguzia," mzee akasema, akaingia ndani kuchukua ufunguo.