Kipimo cha Kutolazwa

Ofisini walimwita Mama Kipimo. Alijua, na hakukasirika, maana jina lilimkaa. Huwezi kumwambia mwanamke yule kwamba mtoto wa jirani amepona mafua bila yeye kukuuliza umejuaje. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wakuu wa halmashauri, wale wanaonunua huduma kwa niaba ya wananchi, waandike mikataba ya kulipa kwa matokeo. Kwa lugha ya sebuleni: mwekezaji mwenye moyo wa kusaidia anatanguliza fedha, shirika linafanya kazi, na halmashauri haitoi kitu mpaka ionekane maisha ya watu yamebadilika kweli. Semina hazilipwi, wala vipeperushi, wala fulana zenye nembo. Alikuwa ameona fedha nyingi za umma zikiishia kwenye fulana, ndiyo maana kazi hii aliifanya kwa hasira.

Asubuhi ya kusaini mkataba mkubwa kuliko yote aliyowahi kuishika, hakuwa na utulivu. Alikuwa amelala usingizi wa mang'amung'amu. Alivaa viatu vyeusi, akavivua, akavaa vya kahawia, akarudia vyeusi. Chai aliimimina akaisahau mezani.

Mkataba ulihusu wazee wanaoishi peke yao. Wahudumu wangewatembelea nyumbani, wawapime presha, wahakikishe dawa zinamezwa, wapige nao soga, ili wasidhoofike mpaka wafikie kulazwa hospitali. Kipimo alikibuni yeye mwenyewe. Mzee akimaliza mwaka bila kulazwa, halmashauri inalipa, akilazwa, hailipi. Mkurugenzi wa huduma za jamii alikisifia mbele ya wageni, akasema hiki hata yeye anakielewa, watu wakacheka, na Mama Kipimo akavimba kichwa kidogo, tuseme ukweli.

Majaribio yalikuwa yakifanyika kwa karibu mwaka mzima sasa katika mtaa mmoja, nao ukatokea kuwa mtaa wa baba yake. Alitoa taarifa kazini mapema, akaambiwa hakuna neno. Matokeo yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri mno, na hilo "mno" ndilo lililokuwa likimkuna tangu juzi. Wazee mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyelazwa? Alijiambia ni uchovu tu. Halafu, badala ya kwenda moja kwa moja mkutanoni, akakata kona kwenda kwa baba. Kumsalimia tu, alijidanganya.

Baba yake aliitwa Kocha na kila mtu, hata na wanawe. Alikuwa amefundisha timu ya vijana wa mtaa kwa miaka mingi, akafungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na mpaka leo ukimshinda karata ananuna hadi jioni. Siku hiyo alichelewa kufungua mlango. Alipofungua, alirudi kwenye kiti chake cha dirishani akiegemea ukuta, na kwenye kiti hicho palikuwa na mto na blanketi. Kitanda chumbani kilikuwa kimetandikwa vizuri.

"Baba, umelala kwenye kiti?"

"Nimepumzika tu, mama. Kitandani pumzi... inakuwa nzito."

Alikata sentensi katikati ili avute hewa. Binti akainamisha macho. Malapa ya baba yalikuwa yamekatwa pembeni kwa mkasi ili miguu iingie, na miguu yenyewe imevimba, ngozi inang'aa.

"Hii imeanza lini?"

"Ni miguu ya mzee. Ulitaka iwe ya mcheza dansi?"

Hakucheka. "Na mhudumu anayekuja, hajaiona?"

"Yule binti hana kosa. Akija navaa soksi na vile viatu vikubwa, nakaa wima. Nampiga chenga." Alitabasamu kwa fahari, kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Mwezi uishe tu. Mwezi ukiisha mwaka umetimia, nitakwenda hospitali kwa miguu yangu. Yeye mwenyewe alitueleza, kwa nia njema kabisa, kwamba tusipolazwa mradi unaendelea. Tukilazwa hawaji tena. Basi tukakaa kikao, sisi wazee. Tukakubaliana kubana maumivu."

"Sisi nani, baba? Nani mwingine anaumwa?"

"Siwataji wenzangu."

Mama Kipimo alikuwa amemshuku kila mtu. Alikuwa amejiuliza shirika litadanganyaje, mwekezaji atavuta kamba upande gani, halmashauri itakwepaje kulipa, na kila tundu akaliziba. Haikumpitia akilini kwamba wazee wenyewe wangekaa kikao na kuamua kuumwa kimyakimya, ili tu waendelee kubishiwa hodi. Aliona aibu, na aibu ikageuka woga. Akamshika baba mkono, akamwambia waende. Kocha aligoma, akagombeza, akadai kofia yake haionekani, lakini nguvu za kubishana hakuwa nazo.

Walikuwa barabarani simu ilipoita. Aliiweka kwenye spika.

"Uko wapi?" Alikuwa mkurugenzi. "Mwekezaji ameshakaa. Kalamu ziko mezani."

"Mkurugenzi, usisaini."

"Unasemaje?"

"Wazee wanaficha ugonjwa ili wasilazwe. Niko na baba yangu hapa, hawezi hata kulala chali. Kipimo ni kibovu, na nimekitunga mimi. Watume wahudumu sasa hivi wapite kila nyumba."

"Nyumba zote hizo, na wahudumu wenyewe wachache. Waanze na ipi?"

"Sijui. Hataki kuwataja."

"Unajua huyu mtu akiondoka leo, kumrudisha ni kazi?"

"Najua. Tutaandika kipimo kingine. Tulipe mzee anapofikishwa kwa daktari mapema, hata akilazwa. Lakini leo usisaini."

"Haya," akasema mkurugenzi, kwa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji. "Naahirisha. Ila uje umweleze wewe."

Kocha alikuwa amegeuzia uso dirishani. "Umetufungisha," alisema. "Dakika za mwisho kabisa."

Hospitali walimlaza kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani, wakamwekea hewa puani. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimuuliza pumzi imeanza kukata lini.

"Leo asubuhi," alisema Kocha.

"Baba."

Mzee alifumba macho. Alipoongea, alimwambia binti yake, si daktari. "Yule binti akija huwa anakaa. Ananiuliza tulifungwaje fainali ile, na anangoja nimalize kueleza. Wewe ukija unasimama na funguo mkononi. Sikulaumu, una kazi. Ila huyu ningemkosa, ningebaki na nani?"

Ilimchoma, kwa sababu funguo zilikuwa mkononi hata wakati ule. Alitamani kumwahidi kwamba mhudumu atarudi, na kwamba yeye mwenyewe atabadilika. Lakini hakuwahi kusema jambo asiloweza kulithibitisha, na hakutaka kuanzia kwa baba yake.

"Sijui kama atarudi," alisema. "Nitapigania arudi, lakini sijui. Ninachojua ni kwamba kuna mwenzako anaweza kufa leo kwa sababu umenyamaza."

Kifua cha Kocha kilipanda na kushuka. Kisha akamwashiria ainame.

"Fundi cherehani ana kidonda mguuni, kinanuka," alisema. "Mstaafu wa posta anakojoa damu. Lakini waambie waanze na yule bibi wa nyumba ya kona. Tangu Jumapili hafungui mlango." Alivuta hewa. "Alitaka kwenda hospitali. Mimi ndiye niliyemwambia abane."