Stika ya Bei Juu ya Onyo

Baba alishuka kutoka Mau Narok kwa maombi ya shukrani ya nyumba mpya ya ndugu yangu, huko Kiamunyi. Alivaa koti lake zito la kule kwenye baridi, akakataa kulivua hata jua lilipoanza kuchoma. Mimi nilikuwa nimenunua mienge ya bustani: fito za mianzi zenye kopo la mafuta na utambi juu, za kuchomeka kwenye nyasi ili wageni wapate mwanga giza likiingia. Mafuta yake yaliuzwa kando, katika chupa za plastiki zinazoonyesha ndani. Yalikuwa mekundu. Kwenye lebo palichorwa ua.

Chupa zilikuwa kwenye meza ya veranda pamoja na vikombe. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tukisukuma chapati. Hakuna aliyemwona Baba akifungua moja, na kizibo hakikumsumbua; kilifunguka kama cha chupa ya maji. Alimimina kikombeni, akapiga funda la mtu mwenye kiu.

"Hii juisi yenu ni ya nini?" tulimsikia akiuliza, kisha akaanza kukohoa.

Shangazi, dada yake Baba, alifika wa kwanza. "Mtapisheni! Leteni maji ya chumvi!"

"Ngoja kwanza," ndugu yangu akasema. Akanipa chupa. "Soma. Wameandika nini?"

Upande mmoja yalikuwa maandishi ya Kichina. Upande wa pili Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi, na juu yake duka lilikuwa limebandika stika ya bei. Niliona maneno mawili tu kabla stika haijaanza: if swallowed, ikimezwa. Nikaikwangua kwa kucha. Ikatoka pamoja na lebo, ikabaki gundi na karatasi nyeupe.

"Inasema nini?"

"Sijui."

"Si umesoma wewe?"

"Imefunikwa. Sijui!"

Shangazi hakungoja. Alimshika kaka yake kidevu, akamnywesha maji ya chumvi huku akimbembeleza kama mtoto. Baba akatapika. Baada ya hapo pumzi yake ikabadilika, ikawa inakwaruza kama msumeno kwenye ubao mbichi. Nilimsugua mgongo njia nzima hadi hospitali, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, aliuliza tulimpa nini. Tulimwambia: maji ya chumvi. "Mtu akimeza mafuta kama haya hatapishwi," akasema. "Yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu."

Shangazi akaketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa leso. "Nani angejua?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna.

Baba akiwa bado wodini, nilirudi kwenye lile duka nililonunua, mtaani Free Area. Chupa zilikuwa palepale, rafu moja na juisi za kuchanganya na maji, na kila moja ilikuwa na stika mahali palepale.

"Pole sana, mathe," akasema msichana wa duka. "Lakini sisi tunauza tu. Ongea na wanaotuletea." Akanipa namba, nikapiga palepale.

Mwanamume aliyepokea simu alikuwa mpole. "Onyo liko, madam. Ile stika ni ya duka."

"Na Kiswahili?"

"Hiyo hatujaambiwa."

"Na kizibo je?"

"Kimekataa kufunguka?" akauliza, kwa wasiwasi wa kweli.

Nilikata simu. Msichana alibandua stika mbili tatu nikimtazama, kisha mteja akaingia, akaenda kumhudumia.

Baba alitoka hospitali, lakini daktari alisema mapafu yake hayataiweza tena hewa ya Mau Narok. Sasa anaishi kwa ndugu yangu. Kila asubuhi humpigia simu jirani yake wa kule aulize kama viazi vyake vimepaliliwa, na jirani hujibu kwamba vimepaliliwa. Hatujui kama ni kweli. Shangazi huja Jumapili baada ya kanisa, huketi naye mchana kutwa, na chakula hakigusi. Baba humwambia, "Kula, wewe," naye hutikisa kichwa.

Jana Baba alitaka kutembea hadi kwenye geti. Tulifika nusu ya njia, akasimama ameshika ukuta. Nilisimama kando yake, tukaingoja pumzi irudi.