Nilivyoingia chumba cha chifu huko Tarime, ndoa ikaanza kuyumba

Wakuu, habari za Jumapili. Nalileta kama lilivyotokea, siongezi chumvi. Mwenye kucheka acheke, ila siku ile mimi sikucheka.

Mimi ni nesi, kwetu Singida, kazi ndiyo iliyonileta Tarime. Mchumba wangu Marwa ni Mkurya, na babu yake alikuwa chifu enzi za Mwingereza.

Nyumba ya chifu bado ipo. Mawe matupu, madirisha ya kioo, iko juu kilimani. Mimi naiita ikulu.

Nilikwenda kutambulishwa. Neno la mwisho kuhusu ndoa yetu lilikuwa la baba yake Marwa.

Shangazi Bhoke, binti wa chifu, akanitembeza. Barazani ndipo chifu alipoamulia kesi, sebuleni ndipo alipompokea DC. Watu walimwogopa, anasema, hata kukohoa walikohoa kwa adabu.

Shangazi akaitwa jikoni. Mimi na kiherehere changu nikasukuma mlango wa mwisho, chumba alichokuwa akilala chifu. Kitanda cha chuma, kikubwa hatari! Nikakaa, nikapiga selfi.

Natoka, uso kwa uso na baba mkwe.

"Shikamoo baba."

Akageuza uso, akatoka nje.

Marwa akaja mbio. "Baba analala humo siku hizi, nyumba yake inavuja. Mkwe haingii anapolala baba mkwe. Kwetu ni mwiko mkubwa."

Wakuu, chozi lilinitoka. Sasa si wangeweka hata kufuli jamani?

Wazee wa ukoo wakakaa kikao karibu na zizi. Nikasikia mmoja akisema, "Arudi kwao huyo." Marwa kainamisha kichwa tu. Dakika zile nilimchukia, ukweli usemwe.

Aliyesimama ni Shangazi Bhoke.

"Mura, sikia," akamwambia baba mkwe, ambaye ni mdogo wake. "Mke wa kaka yetu alishikwa na uchungu mvua inanyesha, akakimbilia chumba hicho hicho. Akazaa juu ya kitanda cha baba. Baba alikuwa chifu. Alimfukuza?"

Akajijibu mwenyewe:

"Alichinja mbuzi, wakatakaswa. Akamwachia mzazi kitanda, yeye akalala kwingine. Wewe umekuwa mkubwa kuliko baba?"

Baba mkwe alikaa anachorachora chini kwa fimbo. Nilishaanza kuwaza nitawaambia nini nyumbani.

Mwishowe akaongea na dada yake, mimi hakunitazama:

"Wafungue mbuzi wa kutakasa. Na mkwe wangu mwambie afute hizo picha."

Mkwe wangu! Nilifuta zote, hata za nje.

Nilichojifunza: ukitembezwa nyumba ya kihistoria, uliza kwanza nani analala humo. Pale kijijini wanamsimulia chifu kwa ukali wake. Mimi simjui, ila kwa kile kitanda alichomwachia mzazi, namshukuru kila siku.

Mlioolewa Ukuryani, shukeni hapa mniambie: kuna milango gani mingine nisiiguse?