Gari Jepesi la Barabara ya Chunya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo ya mpira na mlango wa pikapu uliobonyea. Ilikuwa kwenye karakana ya wamisheni pale Iringa, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Mkuu wa Karakana, Mhehe mrefu ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alisimama nyuma yangu akiniangalia ninavyoponda.

"Usilipige kwa hasira," alisema. "Bati halijakukosea. Gonga pembeni kwanza, katikati patarudi penyewe."

Nikagonga pembeni, na katikati pakarudi. Nilishangaa mno, na nadhani mshangao ule ndio ulioniweka kwenye kazi hii hadi nilipostaafu. Kwa Mkuu yule nilijifunza kunyoosha bati na kuchomelea kwa gesi. Alinifundisha kusikiliza moto, maana moto ukizidi bati jembamba hutoboka, na ukipungua kiungo hushika juu juu tu.

Kutoka Iringa nilihamia Mbalizi, kwenye kiwanda cha kuunda bodi za mabasi. Chasisi ya lori ilikuja tupu, sisi tukaipandishia nguzo, kuta, paa na viti. Msimamizi wetu alikuwa Msafwa mnene mwenye sauti ya kuvuka barabara. Imani yake ilikuwa moja: uzito.

"Abiria akigonga ubavu wa basi langu asikie chuma," alituambia. "Asisikie debe!"

Tukaweka chuma juu ya chuma. Paa peke yake tulilibeba wanaume kwa wanawake, tukiguna. Nami niliamini, kama kila fundi pale, kwamba kitu kizito ndicho kitu salama.

Ndipo nikachukuliwa na Mhandisi. Jina lake Harshad, wa familia ya Kihindu iliyouza vipuri Mbeya mjini tangu enzi za babu yake. Alisomea uhandisi, akarudi dukani, lakini moyo wake haukuwa kwenye vipuri. Alitaka kuunda gari la michezo, gari la mbio, hapo hapo Mbeya, na dereva awe binti yake, Nisha. Mimi nilitakiwa kuchomelea fremu.

Nilimtengenezea fremu ya mabomba mazito, kama ya basi. Mhandisi aliizunguka mara moja, akavua miwani.

"Mama Lusajo, umeniundia trekta."

"Lakini ni imara, Mhandisi."

"Imara, ndiyo. Ila kila kilo uliyoweka hapa injini itabidi iisukume, breki ziisimamishe, na matairi yaishike kwenye kona. Itatuchosha sote."

Akaagiza ikatwe. Mabomba aliyoniletea badala yake yalikuwa membamba kama fremu ya baiskeli, nami nikamwambia hivyo. Hakukasirika. Alichukua vijiti vinne vya mishikaki, akavifunga kwa mpira vikawa mraba, akausukuma kwa kidole. Mraba ukalala. Akaongeza kijiti cha tano, kirefu kuliko vile, kutoka kona hadi kona, akasukuma tena. Ukagoma.

"Nguvu iko kwenye pembetatu," alisema. "Haiko kwenye unene."

Fremu nzima tukaijenga kwa pembetatu. Kumzunguka dereva tukaweka kizimba, yaani mabomba yanayopita juu ya kichwa, ubavuni na miguuni, ili yabaki kama ngome hata gari likipinduka. Injini ilikaa nyuma ya kiti cha dereva, katikati ya magurudumu, na chini kadiri ilivyowezekana, ili gari lisiyumbe kwenye kona. Bodi ilikuwa ya faibaglasi nyeupe, nyembamba hata ukiiwekea mwanga nyuma ulipenya. Watu wawili tuliinua boneti na mlango kwa pamoja huku tukipiga soga.

Majaribio tuliyafanyia kwenye kiwanja kidogo cha ndege za kunyunyizia dawa, huko kwenye mashamba ya mpunga kuelekea Madibira. Nisha alinikaribisha kiti cha pembeni. Nilijiandaa kutishwa na mwendo, na kweli mgongo ulizama kwenye kiti, nikasahau hata jina la Mungu ninayemwomba. Kumbe bado. Alipokanyaga breki nilidhani kifua kimekatwa na mkanda. Gari lile lilisimama upesi kuliko lilivyoondoka! Nilishuka, nikakaa kwenye majani, watu wakacheka.

Nisha yeye hakucheka. "Baba, nikifika mwendo mkubwa usukani unakuwa mwepesi. Mbele panaelea."

Mhandisi akamwelewa papo hapo. Hewa ilikuwa inaingia chini ya pua ya gari na kulinyanyua. Tukashusha kidevu cha bodi hadi karibu na ardhi, tukafunika tumbo la gari likawa laini, na nyuma tukaweka bawa lililogeuzwa. Bawa la ndege hunyanyua, hili letu lilikandamiza. Safari iliyofuata Nisha alisema gari sasa limeishika ardhi kama kupe.

Kisha yakaja mashindano ya magari kupanda mlima, barabara ya Chunya, ile inayopinda na kupinda juu ya Mbeya. Mimi na Mhandisi tulisimama juu ya tuta, kwenye kona iliyoonekana vizuri. Tulisikia injini kabla ya kuliona gari. Likatokea, jeupe, chini chini, likaingia kwenye kona. Kisha tairi la nyuma likapasuka.

Gari liligeuka ubavu, likabiringika mteremkoni, na kila lilipogusa chini lilimwaga kitu. Boneti, mlango, bawa, gurudumu. Vipande vyeupe viliruka hewani, nami nikawa nimekufa nimesimama. Nilijua mtoto amekwisha.

Nilishuka nikianguka na kuinuka. Gari halikuwapo tena. Kilichokuwapo ni kizimba, kimelala kichwa chini, hakijapinda hata bomba moja, na ndani yake Nisha ananing'inia kwenye mikanda, macho wazi.

"Mama Lusajo," alisema taratibu, "usifungue mkanda bado. Nishike kichwa kwanza."

Nikamshika. Watu wa huduma ya kwanza wakaja wakamtoa. Mkono ulikuwa umevunjika. Mkono tu!

Baba yake alipofika hakwenda kwa binti. Alipiga magoti kwenye kizimba, akaanza kupapasa viungo, kimoja baada ya kingine. Nilimkasirikia.

"Mhandisi, mtoto yuko huku!"

Hakunisikia. Alipomaliza kiungo cha mwisho alikaa chini kwenye vumbi, viganja wazi.

"Nilihesabu kila kitu," alisema. "Sikuhesabu kwamba nitakuwa nimesimama pale juu, naangalia."

Nisha alipotoka hospitali, Mhandisi aliniamuru nikikate kizimba kiwe chuma chakavu. Nisha akasimama mbele yangu na mkono wake wenye plasta.

"Baba, kimeniokoa, halafu unakikata?"

"Sitaki kukiona, mwanangu."

"Basi nipeni mimi," nikasema.

Nilikipeleka Mbalizi kwa Msimamizi wangu wa zamani. Alikiinua upande mmoja kwa mkono mmoja, akashtuka kwa wepesi wake.

"Binti alikuwa humu kikibiringika?"

"Alikuwa humu, mzee."

Akakishusha chini taratibu. Uwanjani kulikuwa na basi jipya, paa zito limekaa juu ya nguzo zilizosimama wima, hakuna pembetatu hata moja. Alilitazama, nikaona uso wake unabadilika, nami nikaliona jambo lile lile.

"Sasa hilo likipinduka," aliuliza, "paa linakaa wapi?"

Akapaza sauti yake ile, kazi ikasimama kiwanda kizima. Tangu siku hiyo paa la basi pale lilipunguzwa uzito, na nguzo zikaungwa kutoka sakafuni hadi juu kwa mabomba ya kukatiza.

Mhandisi hakuunda gari jingine. Alirudi kwenye vipuri. Nisha ndiye aliyefungua karakana yake, akaunda la pili na la tatu, na mimi nilimchomelea mpaka macho yalipochoka na mwanga wa moto, nikastaafu nikarudi Iringa.

Vijana huniuliza kama sitamani kuona magari mapya ya Nisha. Natamani. Kila akishindana mafundi wake hunitumia video kwenye simu, na kila mara naiweka simu chini bila kuifungua, kama nimesimama tena kwenye lile tuta. Nasubiri mpaka apige mwenyewe.

"Nimeshafika juu, Mama," huniambia. "Sasa fungua."