Ndimu Niliyokamua Juu ya Jiwe

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Sikuota na sikuwa na homa. Mwanangu Nasra yupo hapa mapajani, na shavu lake ndilo shahidi wangu.

Mume wangu aliweka sebuleni kwetu, hapa Kiwangwa, vigae vya mawe meupe vilivyong'olewa kwenye jumba bovu la Bagamoyo mjini. Mawe mazuri, sikatai. Ila kimoja, karibu na mlango, kilikuwa na doa la kahawia kama chai iliyomwagika. Nilisugua kwa sabuni mpaka mikono ikachubuka. Mama mkwe akija haulizi mjukuu kaamkaje, anatazama doa. "Kwenu mlikuwa mnapiga deki kwa macho?"

Basi Ijumaa moja, wanaume wako msikitini, jua la saa saba limewaka, nikasema leo ni leo. Mwanamke gani wa pwani hajui kutoa doa kwa ndimu? Nikakamua tatu, nikanyunyiza chumvi, nikasugua kwa hasira zangu zote. Jiwe likatoa povu, likalia ssss. Doa halikutoka. Kilichotoka ni mng'ao. Pakabaki pamefifia, panakwaruza, kama kovu la moto.

Nikiwa bado nimeinama nikasikia, "Hodi." Nikajibu karibu bila kuinua kichwa. Hapo ndipo nilipokosea. Nani anamkaribisha asiyemwona?

Akaingia mama wa makamo, kanga safi, miguu mitupu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nusu ya uso wake ilikuwa imechubuka, mbichi, na niamini, ilinukia ndimu.

"Ndimu inaunguza, mwanangu," akasema taratibu. "Ungekanda unga na magadi, ukanibandika, ukafunika hadi kesho. Ningetoka mwenyewe, bila kuumia."

Nasra, anayeanza kutambaa, alishafika miguuni pake, anacheka. Yule mama akachuchumaa.

"Wangu naye alitambaa juu ya jiwe hili hili. Nipe nimbebe kidogo."

Unadhani nilikimbia? Nilikasirika. Kila siku nasimangwa kwa sababu ya doa, sasa doa lenyewe linataka mwanangu? Nikamwambia, "Huyu humbebi. Nimekuumiza mimi, nidai mimi." Nikamnyakua Nasra, lakini vidole viwili vilishamgusa shavu.

"Umenikaribisha mwenyewe," akasema, bila ugomvi.

"Na sasa nakwambia toka."

Akanitazama, akakanyaga kile kigae, na hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi, uani kweupe, hakuna aliyepita. Kigae kilikuwa kimelowa.

Mume wangu aliporudi nikamsimulia. Hakunibishia. Alilitazama jiwe, hakunitazama mimi, na hapo nikajua kuna jambo. Nilimbana mpaka akasema: muuzaji alimwonya kile kimoja kisioshwe kwa kitu kichachu. Alijua! Akaona ni maneno ya kipuuzi, hayana haja ya kumfikia mke anayepiga deki kila siku. Jioni ile ile alikibandua, akakirudisha kwenye lile jumba. Pale mlangoni tuna saruji tupu, na mama mkwe aseme anavyotaka.

Nasra hajambo, anakula, anacheka. Lakini nikimpaka mafuta ya nazi uso wote unang'aa, isipokuwa alama mbili shavuni, ndogo, zilizofifia. Ukizipapasa zinakwaruza. Na mume wangu mpaka leo hambusu upande ule.

Wewe unayenunua mawe ya majumba ya watu, uliza nani alikaa juu yake. Ndimu weka kwenye samaki. Na ukisikia hodi, inua kichwa kwanza.