Treni ya Fundi Dakika

Fundi Dakika alikuwa mtengeneza saa, na ubishi wake ulijulikana mtaa mzima. Ukimpelekea saa ukamwambia imekufa, alikucheka waziwazi. "Haijafa, imenuna tu," alikuwa akisema, huku akibandika lenzi jichoni. Na kweli, mara nyingi saa ilitoka kwake ikitembea.

Zile chache zilizomshinda hakuzitupa. Alizibeba hadi nyumbani, na sebuleni, mahali palipokuwa na makochi zamani, akajenga mji juu ya meza iliyoenda ukuta hadi ukuta. Ulikuwa mji wa mawinguni, wa zama ambazo hazijafika na huenda zisifike kamwe, ambako watu husafiri kwa treni za mvuke kutoka sayari moja hadi nyingine. Mawingu yalikuwa pamba. Reli alizikunja kwa mkono kwa waya wa shaba. Meli za angani zilikuwa balbu zilizoungua, kila moja imening'iniza kikapu cha abiria kidogo kama ukucha. Wachukuzi wa mizigo stesheni walikuwa roboti wa magurudumu ya saa, wenye kofia za vifungo vya shati. Mbele ya meza palikuwa na kiti kimoja, chake.

Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke wa maneno machache na makali. Wageni wake aliwakaribisha jikoni, na hilo lilimchoma. Siku alipogundua kwamba madohani ya kiwanda cha mawinguni yalikuwa vifuniko vya rangi zake za mdomo, aliapa hakanyagi tena chumba kile mpaka makochi yarudi. Tangu hapo alipita mlangoni akitazama upande wa pili.

Maktaba ya mji ilipotangaza maonyesho ya kazi za mikono, alimkabili mumewe.

"Baba, upeleke huo mji wako. Wakiupenda, ubaki huko huko. Wasipoupenda, uuvunje. Hapa haurudi."

"Wataupenda," akajibu Fundi Dakika, bila hata kuinua kichwa.

Basi mji ukafunguliwa vipande, yeye na rafiki yake fundi viatu wakaubeba mpaka ukumbi wa maktaba, wakaupanga upya. Kiti chake nacho alikibeba. Akaikaza kwa ufunguo kamani, springi ya kuendeshea treni, akaketi, akakunja mikono kama bwana harusi.

Watu walikuja. Walishika midomo kwa mshangao, wakaonyeshana roboti, wakazihesabu balbu. Kisha likaja swali, kwa kila mtu lile lile.

"Mbona treni haitembei?"

"Inatembea."

Waliinama, wakakodoa macho, wakatazamana. "Imekwama hii," wakasema, wakahamia meza ya pili, ambako kitreni cha betri kilikuwa kinakimbia na kupiga honi kama kichaa.

Ukweli ni kwamba treni ilikuwa inatembea. Ila Fundi Dakika aliiendesha kwa mashine ya saa ya ukutani, na hakubadilisha kitu: mzunguko mmoja ulimaliza saa nzima. Maisha yake yote alikuwa ameinamia mishale ya dakika, na kwake huo ulikuwa mwendo, tena wa kuonekana. Haikumpitia akilini kwamba mwenzake anaweza kutazama asione kitu.

"Iongeze mwendo kidogo basi," fundi viatu akamnong'oneza.

"Ifike kabla ya saa yake? Ili iweje?"

Fundi viatu akashika kichwa. Mkutubi, dada mpole mwenye miwani, akaja kusema pole: kama treni ni mbovu, itabidi meza apewe mtu mwingine mchana.

"Treni ni nzima," akasema Fundi Dakika. "Watu ndio wana haraka." Lakini safari hii sauti ilikuwa imepungua.

Hapo ndipo mkewe alipoingia na chakula, katoka kazini na sare yake nyeupe. Mlangoni alisikia mtu akisema, "Ile ya yule mzee wa saa ni mbovu." Alisimama. Kumsema mumewe ilikuwa kazi yake yeye, hakuwa ameajiri msaidizi.

"Nani kasema mbovu?"

Akamwinua mumewe kwenye kiti, akaketi yeye, akatazama. Alitazama kama anavyotazama kila siku kazini, pale ambapo baba wa mtoto anachungulia na kuuliza mbona hakuna kinachoendelea.

"Inakuja," akasema. Akawageukia watu kwa sauti ya wodini. "Simameni hapo. Mtulie. Inakuja."

Nani angebishana na mkunga? Walisimama.

Treni ikafika stesheni saa ikigonga. Kengele ikalia. Balbu zikapaa, madohani yakatoa pumzi nyeupe, roboti wote wakavua kofia. Mlango wa behewa ukafunguka, akatoka mwanamke mdogo wa shaba mwenye gauni jeupe na mkoba. Jukwaani alikuwepo mwanamume mmoja tu, na taa mkononi.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mkunga hakupiga. Katika miaka yao ya kwanza, alipokuwa akitoka zamu ya usiku, mtu mmoja alimsubiri kila alfajiri kituo cha basi na taa mkononi.

"Yule ni mimi."

"Ni wewe."

"Mbona umeninenepesha?"

"Shaba ndivyo ilivyotaka, mama."

Alicheka, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mkutubi alikuja mbio, miwani imemteleza puani. Mji usiondoke, akasema, maktaba itautengea nafasi pale pale ukumbini, daima dumu.

"Unaona?" Fundi Dakika akamwambia mkewe, kifua mbele. "Si nilisema wataupenda? Sebule yako hiyo."

"Mji unarudi nyumbani," akasema mkunga.

"Na makochi?"

"Nani kataja makochi? Wewe kanunue kiti cha pili. Miaka yote hii chumba kina kiti kimoja, ulitaka mimi nikae wapi?"

Fundi Dakika, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, akatoka kwenda kutafuta kiti.